Ndege wa Arabuko: mi naenda alasiri, asubuhi nawaachia nyie

Ukimuuliza mtu yeyote wa mambo ya ndege atakwambia amka saa kumi alfajiri, jua likichomoza uwe ushaingia msituni, ikigonga saa nne umemaliza, rudi ukalale. Sio uongo. Ndege wanaimba sana asubuhi, jua likipanda wananyamaza, hilo linajulikana. Lakini mi kwa msitu wa Arabuko-Sokoke nshakata shauri zamani, naenda alasiri, hiyo asubuhi nawaachia nyie mnaopenda kuamka. Na juzi nimeenda tena, safari hii na binamu yangu wa Nairobi ambaye darubini alikuwa hajawahi kuishika, nikaona bora niandike kabisa manake watu wananiuliza unaanzaje, unaanzaje, na kila nikijibu kwa meseji inakuwa gazeti.

Kwa wasioujua, Arabuko-Sokoke ni ule msitu unaouona mkono wa kushoto ukitoka Mombasa kwenda Malindi, ukishapita Kilifi. Watu wanaupita na matatu kila siku wanadhani ni kichaka tu. Ni kama kilomita za mraba 420 na ndo kipande kikubwa kabisa kilichobaki cha misitu ya pwani ya Afrika Mashariki, ile ambayo zamani ilishuka na bahari kutoka kusini ya Somalia hadi Msumbiji. Mibambakofi yake mingi imeshakuwa milango na vitanda vya watu, mihuhu imeishia kwa wachonga vinyago, na bado humo ndani kuna ndege wa aina zaidi ya 230, kuna ndovu, na kuna viumbe ambao ukiwakosa hapa basi duniani una sehemu moja au mbili tu za kuwatafuta, hakuna tatu.

Sasa kwa nini alasiri. Asubuhi msituni wanaimba wote kwa mpigo mmoja, na kwa mtu mgeni ni ka harusi ambayo wamechomeka tarabu, ngoma na mkutano wa siasa kwenye spika moja, huambulii kitu. Mwongozaji anakwambia "huyo, na huyo, na yule kule" na wewe unatikisa kichwa tu kwa adabu. Mchana kila mmoja anasema kwa zamu yake. Sauti moja, kimya, dakika tano, sauti nyingine. Una muda wa kuuliza ni nani, imetoka wapi, juu au chini, na una muda wa kuitafuta. Na Arabuko usipotumia masikio umeumia, sio Tsavo hii, hakuna uwazi, majani ni ukuta, ndege yuko mita nne mbele yako na humwoni.

Tulikutana na mwongozaji wetu saa nane mchana, jua la utosi. Ni mzee wa Kigiriama, wa vijiji vya hapo hapo pembeni ya msitu, na yeye ni mmoja wa wale waliokulia humo, ndege anawajua kwa mlio kabla hajawajua kwa kitabu. Binamu yangu akaja na miwani ya jua na shati jeupe pe. Mzee akamwangalia juu mpaka chini, akasema, "Kijana wangu, hilo shati ni la Idi." Akampa koti lake la kijani kuukuu, lilikuwa linamfika magotini, basi alitembea hivyo hivyo mpaka jioni.

Niseme kidogo kuhusu darubini kabla sijasahau, hili swali naulizwa sana. Kwa msituni chukua 8x42. Wauzaji watakwambia 10x inaleta karibu zaidi, ni kweli, lakini inatetemeka mkononi, inaona eneo dogo, na ndani ya majani unatafuta tawi, hulipati, ukilipata ndege kashaondoka. Hiyo 42 ni upana wa kioo cha mbele, kinaingiza mwanga wa kutosha, na kwenye kivuli kile unauhitaji. Kamera kubwa achana nayo siku ya kwanza, mtu mwenye lenzi ya nusu mita anahangaika na lenzi, hasikilizi.

Tuliingilia upande wa Jilore, kule ndani mbali na bahari, na gari ya kukodi, manake ndani ni mbali na kuna ndovu, kutembea kiholela hairuhusiwi na wala sio akili. Na hapa kuna kitu kinanifurahisha kila safari. Huu msitu sio mmoja, ni mitatu. Upande wa mashariki, wa baharini, ni mchanganyiko wa miti mirefu, ndo kulikokuwa na ile mibambakofi. Katikati unapita mkanda wa mchanga mweupe, hapo imeota mirihi, miti iliyoachana vizuri, jua linaingia mpaka chini. Halafu magharibi udongo unageuka mwekundu, ghafla kabisa, ukitazama barabara unaona mahali rangi ilipobadilika, na kwenye ule wekundu ni vichaka vya sainometra, vimefungana, vya kuchoma. Mvua nayo inapungua ukielekea ndani, mashariki wanapata zaidi ya milimita 1000 kwa mwaka, kule ndani kaskazini-magharibi inashuka mpaka kwenye 600. Kwa ndege hiyo ni mipaka ya nchi. Anayeishi kwenye mrihi humkuti kwenye wekundu, na bundi tuliyemfuata sisi anakaa kwenye wekundu.

Ndio, bundi. Tulilala kwa shangazi Kilifi usiku wa kuamkia, na tulipomwambia kesho tunakwenda msituni kumtafuta bundi alinyamaza kwanza, akaweka sufuria chini. "Wanangu, bundi huja mwenyewe. Hatafutwi." Na hakuwa anatania, bundi akilia juu ya paa lake yeye anatoka na chumvi. Tukaahidi tutamwangalia tu, hatutamwita. Akasema haya, lakini mkirudi muoge kabla hamjashika mtoto.

Huyu sio bundi wa paa la mtu lakini. Ni bundi mdogo wa Sokoke, urefu sentimita 16 hivi, gramu 50 na kitu, ukimweka kwenye kikombe cha chai anaenea. Wataalamu walimwandika mwaka 1966, yaani msitu uko kandokando ya barabara, watu wamepita karne na karne, na bundi alikuwa hajulikani kwenye vitabu vyao. Kwa muda mrefu ilidhaniwa yuko hapa tu, baadaye akapatikana pia chini ya milima ya Usambara Mashariki, Tanzania. Basi, hizo sehemu mbili.

Na kumwona huyu mchana ndo kuzuri kuliko usiku, hilo wengi hawalijui. Usiku utasikia sauti tu. Mchana wanalala wawili wawili, dume na jike, wamebanana kwenye kijitawi ndani ya kichaka, na sio juu, ni usawa wa kifua chako. Shida ni kwamba kichaka chenyewe ni kimoja kati ya maelfu. Mzee akatuacha barabarani, akasema msisogee, akaingia peke yake akiwa ameinama. Hatukumsikia hata kijiti kuvunjika. Tukasimama kwenye jua na wale nyuki wadogo wasiouma wanaokuja kunywa jasho lako, wanaingia puani, machoni, binamu anajipiga makofi mwenyewe. Muda ukaenda. Nikaanza kufikiria labda leo hakuna.

Mara mkono ukatoka kwenye majani, unatuita kwa vidole viwili.

Tukaingia tukiwa tumeinama mpaka mgongo unalia, miiba inashika nguo, mzee anatuonyesha kwa kidevu, sio kwa kidole. Sioni kitu. Binamu haoni kitu. Majani makavu tu. Mzee ananong'ona, "Usitafute ndege. Tafuta jani lenye macho." Na hapo ndo nikawaona, walikuwa mbele yangu wakati wote, mita mbili na nusu labda, wawili wamegandana bega kwa bega. Mmoja rangi ya udongo ule ule mwekundu, mwenzake wa kijivu, manake hawa huja kwa rangi tofauti, na jozi moja inaweza kuwa na rangi mbili. Kifuani wana vitone vyeusi na vyeupe. Yule mwekundu alikuwa amefumba macho karibu yote, umebaki mstari mwembamba wa njano, kwa mstari huo alikuwa anatuangalia. Akajinyoosha akawa mwembamba, vishungi vya masikio vikasimama, ndo anajifanya tawi. Mwenzake hakushughulika, alilala zake. Tukakaa dakika mbili, tatu, mzee akatugusa mabega, tukatoka kinyumenyume. Hakuna flashi, hakuna kumkaribia zaidi, hakuna kumrudia mara ya pili ati picha imetoka na ukungu. Ukimsumbua mchana anahama, na akihama mchana mwewe anamuona.

Binamu alipofika barabarani akavuta pumzi, akasema, "Sasa hiyo ndo inaogopwa?"

Kutoka hapo mpaka saa kumi niwe mkweli, hakuna kitu. Kabisa. Hii ndo bei ya alasiri, na mtu akikupeleka saa nane akakuahidi ndege kila dakika anakudanganya. Joto limekaa, majani hayatikisiki, hata wadudu wamechoka. Mzee akatutafutia kivuli pale kwenye mchanga mweupe tukakaa chini, tukala mahamri ya shangazi na chai ya thamosi. Ndo wakati nzuri wa kumfundisha mtu. Mzee anafumba macho, anasema, "Kitororo." Unasikiliza, kweli, mbali kule, tonk tonk tonk tonk. Alafu akatwambia kitu nilikuwa sikijui: yule bundi tuliyemuacha, mlio wake wa usiku ni karibu huo huo, mtu asiyejua akisikia jioni atadhani ni kitororo amechelewa kulala. Kimoja ni ndege wa matunda wa mchana, kingine bundi, na wameazimana sauti. Kisha kuna kurumbiza, yule wa kifua cha chungwa, huyo ni mwongo wa kupindukia, anaiga kila mtu. Mzee alitaja ndege mmoja akasita, akasikiliza tena, akacheka, "Hapana, ni kurumbiza huyo." Kama yeye wa miaka yote anasita, we na mimi tutulie.

Saa kumi na kidogo upepo wa kusi ukaanza kuingia kutoka baharini na ikaja ile kitu nilikuwa namwombea binamu aione.

Inaanza na kelele za kukwaruza na midomo inayopigwa tak tak tak. Ni wale ndege weusi wa mdomo mwekundu na pete nyekundu machoni, na ndugu zao wa paji la rangi ya kahawia, wanatembea kwa vikundi, hawakai. Nyuma yao wanafuata wengine wote. Hawa wa mirihini wana tabia ya kutembea msafara, aina kumi, aina kumi na tano pamoja, kila mmoja na kazi yake, huyu anapekua magome, huyu majani ya juu, huyu anasubiri mdudu aliyekurupushwa na wenzake amdake hewani. Mlamba yuko pembeni anaangalia, mwewe akitokea ndo wa kwanza kupiga kelele, na yeye vilevile ndo wa kwanza kumpora mwenzie mdudu. Macho mengi, wadudu wengi, hasara kidogo, ndo hesabu yao.

Sasa hapo unatupa shingo nyuma na huishushi tena. Mzee anazungumza mfululizo, "Kigong'ota, tawi la kavu, anapanda. Kushoto kwake, chozi, yule mwenye tumbo jeupe." Na huyo chozi, kandege kadogo ka kufyonza maua, ni wa kutafutwa, ni chozi wa Amani, jina kalipata kule Usambara, anakaa juu kabisa kwenye mirihi, dume ana kichwa cha kijani cha giza kinachowaka likimpata jua. Nikampata kwa sekunde mbili, akageuka, nikaona tumbo, basi.

Alafu wakaja kwera wa Clarke. Watu wa Kilifi, huyu ni wenu. Sio wa Kenya tu, ni wa kaunti ya Kilifi tu, duniani kote, hapa na kule misitu ya Dakatcha, kwisha. Njano na nyeusi, wapo kwenye matawi ya juu wanapekuapekua, kelele zao huzisahau. Na tofauti na kwera hawa wa mitini kwetu wanaojenga viota vyao wazi kila mtu aone, huyu hakuna aliyekuwa anajua anatagia wapi, aliandikwa kwenye vitabu mwaka 1913 na kiota chake kimekuja kupatikana mwaka 2013, kwenye kinamasi huko Dakatcha, kwenye nyasi za majini. Miaka mia moja. Na Dakatcha sio hifadhi, ni mashamba na mkaa na mananasi yanayosogea mwaka hadi mwaka, kwa hiyo mtu akikwambia Arabuko imehifadhiwa ndege wako salama mwambie ndege analala huku anazalia kule.

Robo saa hivi, wakapita. Wakaondoka na kelele zao, kukawa kimya tena ka hakuna kilichotokea. Binamu anasugua shingo.

Na hapa kuna jambo linaniudhi niliseme. Kuna watu wanaingia na spika ndogo za bluetooth, wanacheza mlio wa ndege kutoka simuni, ndege anakuja mbio manake anadhani ametokea mwenzie kumnyang'anya mke au eneo, anahangaika, anaimba, anaacha kula, wewe unapiga picha unaondoka. Mara moja labda hakuna neno. Lakini jozi ile ile ya ndege kila wiki inachezewa, kila mgeni anataka yake. Mzee wetu anapiga mluzi mwenyewe kwa mdomo, mara mbili, ndege asipojibu anaacha. Nilimuuliza kwa nini asitumie simu ka wengine, akajibu, "Dada, mimi kesho nitakuwa hapa." Sijaongeza swali.

Tukarudi upande wa Gede jua likiwa limeshuka, miti mirefu sasa, giza la kijani. Hapa ndo alipo sange wa makalio ya dhahabu, sio ndege, ni mnyama mdogo, lakini usipomtaja umeonea. Unamsikia kwanza, anakimbia juu ya majani makavu kwa vipigo vya haraka, alafu anapita njiani, pua ndefu, mgongo wa kahawia, nyuma ana kipande cha manjano ka kapakwa rangi. Anafukua majani akitafuta wadudu na nyuma yake mara nyingi kuna kurumbiza, yule yule mwongo, anamfuata hatua kwa hatua akiokota makombo. Tuliwaona hivyo hivyo wawili, mmoja anafanya kazi, mwenzie anasimamia. Binamu akasema anamjua mtu ofisini kwao wa aina hiyo.

Shorobo wa Fischer walikuwa wanakoroma juu huko, kijani na mbawa nyekundu wakiruka, hondohondo wakapita wawili kwa kelele za mtoto anayelia. Na ni wakati huo huo, mi nikiwa nimekodolea macho juu, binamu akasema kuna ndege anatembea chini mbele ya gari, wa michirizi, kaingia nyasini. Mzee alikuwa ameinama anafunga kiatu. Binamu anaapa ni yule pipiti wa Sokoke, alishaonyeshwa picha yake kwenye kitabu mchana, ndege ambaye watu wanasafiri kutoka Ulaya kumtafuta na anawakimbia kwa miguu.

Sasa mambo ya kujua ukitaka kwenda. Matatu za Mombasa-Malindi zinakushusha Gede, stesheni ya msitu iko hapo karibu, na waongozaji wana chama chao, piga simu siku moja kabla na useme wazi kama unataka bundi, manake wengine huenda asubuhi kumtafuta alipolala ili mchana msipoteze muda. Nguo za kijani au kahawia, mikono mirefu, suruali ichomeke kwenye soksi sababu ya siafu na kupe. Maji lita mbili kila mtu. Uwe umetoka saa kumi na mbili na nusu, ndovu wanaanza kutembea na giza linaingia haraka. Na kuanzia Aprili hadi Oktoba muulize mwongozaji kuhusu kwiyo wa madoa, ndege wa kutembea chini anayekuja kutoka kusini, sisi hatukubahatika.

Ukiwa na siku nzima basi asubuhi yako ipeleke Mida Creek, ni karibu tu, kuna daraja la mbao katikati ya mikoko, nenda maji yanapojaa ndege wasukumwe karibu. Kati ya Oktoba na Aprili kuna wale weupe na weusi wa mdomo mnene wanaokula kaa, wanazalia Oman na pande za Ghuba kisha wanakuja kwetu kama mabaharia wa zamani, na pepo zile zile. Julai usiwaulizie, wengi wamesharudi.

Na kuhusu huyo pipiti, binamu kashaandika kwenye orodha yake kwa kalamu, kapiga na mstari chini. Mzee kamwambia, "Kama umemwona, umemwona." Mi sijamwamini mpaka leo, na kama kuna msomaji aliyewahi kumpata upande wa Gede kwenye miti mirefu tafadhali anijulishe, manake mtu huyu hataninyamazia mpaka Krismasi.